"Excédent brut d'exploitation": ni EBITDA au "gross operating surplus"? Wahasibu na watu wa lugha njooni

#1 KalamuMbili
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Natafsiri Kifaransa kwenda Kiingereza na siku hizi kazi zenye hela ni za fedha tu, ripoti za mwaka, mikataba ya mikopo, mizania na makorokoro yake. Sasa kuna mteja nimempelekea ripoti ya kampuni ya Ufaransa, kwenye "excédent brut d'exploitation" nikaweka "gross operating surplus". Mhasibu wao akakata akaandika EBITDA, yani faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu. Mhariri wao naye akakata EBITDA akarudisha yangu. Wanavutana wao kwa wao, malipo yangu yamekaa katikati.

Msimamo wangu ndo huu, anayetaka apinge: kwenye hizi hati lugha haina shida, shida ni wahasibu kudhani kila neno la Kifaransa lina pacha wake Kiingereza. Nani yuko sahihi hapo?

#2 Debiti_Krediti
Umekuja kuomba ushauri na hukumu umeshaiandika 😂

Mkuu, EBE, yani hiyo excédent brut d'exploitation kwa kifupi, ni EBITDA. Unachukua mauzo unatoa gharama za uendeshaji, hujagusa riba, hujagusa kodi ya faida, hujagusa uchakavu wa mali. Mpe mwekezaji wa London "gross operating surplus" uone, atadhani anasoma takwimu za pato la taifa. Na wala hatakuwa amekosea maana hilo neno kweli linatumika kwenye hesabu za taifa, ndo makazi yake.

#3 NimekaaPale
Ngoja nivute kiti, huu uzi utanoga.

#4 BintiMizania
@Debiti_Krediti kwenye pato la taifa nakuunga mkono, ila "EBE ni EBITDA" hapana kabisa. EBE ina fomula yake rasmi kwenye utaratibu wa hesabu wa Ufaransa, ule wanaouita "plan comptable général". Unaanza na "valeur ajoutée", thamani iliyoongezwa, unaongeza ruzuku za uendeshaji, unatoa kodi na tozo zisizo za faida, unatoa gharama za wafanyakazi, basi umemaliza. Provisheni, yani pesa inayotengwa kwa hasara au deni linalotarajiwa, hazimo, zinakuja chini. Madeni yaliyoshindikana kulipwa yakafutwa hayamo, mirabaha haimo. Na ile "participation", mgao wa faida wa wafanyakazi, kwenye hesabu za Kifaransa inakaa chini kabisa jirani na kodi ya faida, wakati kampuni hiyohiyo ikiandaa hesabu kwa IFRS, vile viwango vya kimataifa vya hesabu, ule mgao unaingia kwenye gharama za wafanyakazi, maana yake EBITDA yake imeshakatwa.

Halafu EBITDA yenyewe IFRS haijaipa fasili, kila kampuni inajipikia ya kwake na mara nyingine inaongeza neno "adjusted" mbele ndo kabisaa. Unamfananisha mwenye cheti cha kuzaliwa na asiye nacho.

#5 Debiti_Krediti
Bibie hizo tofauti nazijua, kwenye kampuni nyingi ni chenji tu. Anayesoma anataka kulinganisha kampuni ya Lyon na ya Chicago, hana muda wa somo la plan comptable.

#6 BintiMizania
Chenji? Kampuni yenye provisheni nzito za kesi mahakamani utaiita chenji? Haya.

#7 MzeeTanbihi
Mimi mbona naona mnagombea kitu kisicho na ulazima. Naacha EBE kama ilivyo, mara ya kwanza naweka tanbihi inayosema inahesabiwaje, baada ya hapo naandika EBE mpaka mwisho. Hivyohivyo kwa SA, SAS na SARL, zile aina za kampuni za Ufaransa, sigusi. Nimeona watu wanaandika LLC kwenye SARL bila wasiwasi wowote, wakati LLC ya Marekani kwa kawaida kodi inapita kwa wanachama na SARL kwa kawaida inalipa kodi yake ya kampuni. Mwanasheria akisoma LLC anajenga picha nzima ambayo haipo.

#8 KalamuMbili
Shukrani wakuu. @MzeeTanbihi sasa ukiacha kila kitu Kifaransa mteja analipia nini?

#9 MzeeTanbihi
Tanbihi. Neno lenyewe nampa bure.

#10 KoroboiLaUsiku
😂😂 Mzee kamaliza.

Ila mie naona EBE ni tatizo la wakubwa, huku chini watu wanaumia na neno dogo tu, "social". Nimepewa kazi ya mtu niipitie, "capital social" kaweka "social capital", "siège social" kaweka "social seat", "raison sociale" kaweka "social reason". Yani ukisoma ile hati unaona kampuni ina sababu za kijamii na kiti cha kijamii, imebaki mwaliko wa harusi tu. Kanuni ni rahisi: "social" inatoka kwenye "société", na société hapo ni kampuni, kwa hiyo kila ukiiona weka "ya kampuni". Kwa hiyo hayo matatu ni "share capital", "registered office", "company name". "Exercice social" ni "financial year". "Comptes sociaux" ni hesabu za kampuni mama peke yake kabla hujaunganisha na kampuni tanzu. Imeisha hiyo.

#11 MezaYaAjira
@KoroboiLaUsiku haijaisha, hiyo kanuni yako itakuua mchana kweupe. "Plan social" nayo ni mpango wa kampuni? Huo ni mpango wa kupunguza watu kazini, Waingereza wanasema "redundancy plan". "Bilan social" si mizania ya kampuni, ni ripoti ya hali ya wafanyakazi, idadi, mishahara, ajali kazini. "Charges sociales" ni michango ya hifadhi ya jamii, Mmarekani ukimwandikia "payroll taxes" anakuelewa haraka, Mwingereza anataka "social security contributions". Kwa hiyo "social" ina pande mbili, ya société na ya watu, na zote mbili unazikuta ukurasa mmoja.

#12 KoroboiLaUsiku
Nimesema kanuni, sikusema haina matawi.

#13 MezaYaAjira
Matawi matatu kwenye mti wa matawi manane?

#14 Mvua_ya_Namba
Hamjagusa penye hela zenyewe. "Milliard"! Kifaransa "milliard" ni "billion" ya Kiingereza na "billion" ya Kifaransa ni "trillion" ya Kiingereza. Mtu akiacha "billion" vilevile kaongeza au kapunguza mara elfu moja na hakuna programu itakayompigia kelele kwa sababu tahajia iko sawa. Na wa kulaumiwa ni Waingereza na Wamarekani, Wafaransa tangu enzi na enzi wako kwenye mfumo mmoja, hawajawahi kuyumba.

#15 Kabati_la_Zamani
@Mvua_ya_Namba mwanzo umepiga vizuri mwisho umepotea njia. Huo mfumo mfupi ambao Wamarekani wanautumia, wa billion kuwa milioni elfu, Ufaransa wenyewe waliwahi kuutumia muda mrefu tu, na Wamarekani inasemekana waliuchukua hukohuko. Ufaransa ilirudi rasmi kwenye mfumo mrefu, wa billion kuwa milioni mara milioni, kwa amri ya serikali ya mwaka 1961. Uingereza nayo ilikuwa kwenye mfumo mrefu, serikali ya Harold Wilson ikatangaza mwaka 1974 kwamba takwimu zake zitatumia billion ya Kimarekani. Kwa hiyo wamepishana mlangoni, huyu anaingia yule anatoka. Ukishika hati ya Kiingereza ya zamani au kitabu cha uchumi cha Kifaransa cha karne ya 19, usiiamini "billion" kwa macho, angalia namba zenyewe.

#16 Mvua_ya_Namba
Sawa mwalimu. Lakini hoja ya mara elfu moja inabaki palepale.

#17 Debiti_Krediti
Na vifupisho je. Kifaransa k€ ni maelfu, M€ ni milioni, Md€ ni bilioni. Ukienda kwa mabenki ya Marekani wengi wao "M" ni elfu na milioni ni "MM", ile ya namba za Kirumi, elfu mara elfu. Halafu mkato na nukta vinabadilishana viti: "1 234,5 M€" inakuwa "€1,234.5 million". Mtu akibadilisha mkato akasahau ile nafasi ya katikati, jedwali lote limekwenda na maji.

#18 NimekaaPale
Swali la kizembe: siku hizi si mnaingiza tu kwenye programu ya kutafsiri inamaliza? Mnapigania nini.

#19 KalamuMbili
@NimekaaPale ilete hapa, naipa sentensi moja tu tuone: "une baisse sensible du résultat". Kama inajua kwamba "sensible" hapo ni kubwa ya kuonekana, si ya busara, na kwamba "résultat" inaweza kuwa faida au hasara mpaka uangalie jedwali, nitafunga duka.

#20 Mvua_ya_Namba
Mkuu hiyo siku hizi inaiweza, usijidanganye. Sentensi fupi inaziweza zote. Inapojikwaa ni pale neno moja linapokuwa na maana mbili ndani ya hati moja, ukurasa wa 3 hivi na ukurasa wa 80 vile. "Participation" ya BintiMizania hapo juu ni mgao wa wafanyakazi, lakini kwenye mizania "titres de participation" ni hisa ambazo kampuni inazishikilia kwenye kampuni nyingine. Programu ikishaamua moja inakwenda nayo, au mbaya zaidi inabadilisha kila aya.

#21 BintiMizania
Mimi nipeni mstari mmoja tu wa kupimia mtu au mashine, mstari uko karibu kila taarifa ya mapato na matumizi ya Ufaransa, akaunti namba 68: "dotations aux amortissements, aux dépréciations et aux provisions". Uangalie taratibu. Asiyejua ataona "amortissements" ataandika "amortisation", ataona "dépréciations" ataandika "depreciation", atafurahi kwamba maneno yamefanana. Na yote mawili kayakosa. "Amortissements" peke yake imebeba "depreciation" ya mashine na majengo NA "amortisation" ya vitu visivyoshikika kama hataza na programu za kompyuta. "Dépréciations" ni "impairment", thamani iliyoanguka kwa sababu nyingine. Kwa hiyo neno lenye sura ya depreciation ndo silo. Na ukikuta hati za zamani utaona "provisions pour dépréciation", hiyo provisheni siyo deni kama provisheni ya IFRS, ni punguzo la thamani ya mali, deni la mteja au bidhaa iliyolala stoo.

#22 Debiti_Krediti
Hapa bibie nakupa mkono wangu wa kulia. Na bado "amortissement" ya mkopo ni kurejesha mkopo kidogokidogo, hiyo hata uchakavu haimo.

#23 KalamuMbili
Naona mhasibu mmoja kapona.

#24 Debiti_Krediti
Kwenye EBE bado sijapona.

#25 Chuo_Usiku
Wakuu samahani nadandia. Mimi ni mwanafunzi wa uchumi, nasoma taarifa za INSEE, lile shirika la takwimu la Ufaransa, neno "conjoncture" linanisumbua. Kamusi inasema "conjuncture" lakini sijawahi kuona Mwingereza anaandika hivyo kwenye gazeti.

#26 Kabati_la_Zamani
@Chuo_Usiku usiandike "conjuncture", utawafukuza wasomaji. Ni hali ya uchumi kwa kipindi kifupi, miezi na robo mwaka, siyo muundo wake wa muda mrefu. "Economic situation", "current economic conditions", "business cycle", inategemea sentensi. INSEE wenyewe toleo lao la Kiingereza kuna kipindi lilikwenda kwa jina la "Conjoncture in France", yani wenye neno walilivusha mzima mzima, baadaye ndo wakaanza kutumia "Economic outlook". Sasa kama wao waliamua kuliacha, @MzeeTanbihi anaweza kudai ushindi.

#27 MzeeTanbihi
Nadai.

#28 Mvua_ya_Namba
Tena kwa mwanafunzi muhimu kuliko conjoncture ni haya. "En volume" kwenye pato la taifa ni "in real terms", mfumuko wa bei umeshatolewa. "En valeur" ni "nominal". Watu wanaandika "in volume" na "in value", sentensi inasomeka lakini msomaji anabaki kukisia. "En glissement annuel" ni "year on year", mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. "En moyenne annuelle" ni wastani wa mwaka mzima ukilinganishwa na wastani wa mwaka uliopita. Namba mbili tofauti kwa uchumi uleule, na mwanasiasa anachagua iliyo nzuri. "CVS" ni takwimu zilizosafishwa msimu, "seasonally adjusted", ukiiacha CVS Mmarekani atadhani lile duka la dawa la kwao lenye jina hilo.

#29 Chuo_Usiku
Dah asante sana. Na "acquis de croissance"?

#30 Mvua_ya_Namba
Ukuaji ambao mwaka utaupata hata kama robo zilizobaki uchumi utasimama palepale. Wengi wanasema "carry-over".

#31 Kabati_la_Zamani
INSEE wanasema "overhang".

#32 Mvua_ya_Namba
"Overhang" ukimwambia mtu wa hatifungani anafikiria mzigo wa madeni. Naendelea na "carry-over".

#33 Kabati_la_Zamani
Endelea, ila ukitafsiri hati ya INSEE yenyewe watakurudishia.

#34 WakiliWaPembeni
Nimechelewa uzi mtamu. Mmesahau maiti wa kampuni. "Dépôt de bilan". Nimewahi kuona imeandikwa kwamba kampuni "filed its balance sheet", yani msomaji anaipongeza kwa kuwasilisha mizania kwa wakati, kumbe imeshindwa kulipa madeni na imekwenda mahakamani kujisalimisha, na sheria inampa mkurugenzi siku 45 tangu aliposhindwa kulipa. Halafu inafuata "redressement judiciaire". Hapo wengi wanaweka "receivership" na mimi sikubali, kwa Waingereza receiver kwa asili yake anawekwa na mdai mwenye dhamana aje kukusanya chake, wakati redressement ni mahakama inajaribu kuiokoa kampuni. Naandika "court-ordered reorganisation".

#35 KoroboiLaUsiku
Si uandike tu "Chapter 11", ile ya sheria ya kufilisika ya Marekani, watu wote wanaielewa.

#36 WakiliWaPembeni
@KoroboiLaUsiku Chapter 11 unaweza kuingia hata kama bado unalipa madeni yako. Redressement ni ya aliyekwishakwama. Ya ambaye hajakwama ni "sauvegarde", ilikuja na sheria ya 2005, na hata walioitunga inasemwa walikuwa wanaitazama Marekani kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo ukitaka Chapter 11 ipeleke kwa sauvegarde, na hapo pia kwa tahadhari. Na msichanganye na "redressement fiscal", hiyo ni mamlaka ya kodi wamekukadiria upya, haina uhusiano na kufilisika ingawa inaweza kukufikisha huko.

#37 MezaYaAjira
Wakili na "loi de finances" unaiweka nini? Mimi naona "Finance Act" kila mahali.

#38 WakiliWaPembeni
"Finance Act" ya Uingereza kimsingi ni mambo ya kodi. Loi de finances ya Ufaransa ni bajeti yote, mapato na matumizi. Naandika "Budget Act". Ikiwa bado ni "projet de loi" basi ni "bill".

#39 MzeeTanbihi
Mimi "Finance Act" na tanbihi. Imezoeleka, ukibadilisha msomaji anadhani ni sheria nyingine.

#40 MezaYaAjira
Sawa, kwa hiyo majibu mawili, nachagua kwa kurusha sarafu.

#41 Kabati_la_Zamani
Hiyo "budget" yenyewe mnajua ilikotoka? Kifaransa cha kale "bougette", kimfuko cha ngozi. Waingereza wakakichukua wakaweka hesabu za serikali ndani, Wafaransa wakaja kukikopa tena kikiwa "budget". Na "mortgage" ni Kifaransa kitupu, "mort" na "gage", lakini mwende leo benki ya Paris mkaiombe kwa jina hilo, wao wanasema "hypothèque".

#42 NimekaaPale
Na "entrepreneur" je, hiyo si imebaki vilevile?

#43 Kabati_la_Zamani
Imebaki sasa, zamani walihangaika nayo. Cantillon, mwanauchumi wa zamani, ndo aliyeipa uzito kwenye uchumi karne ya 18. Jean-Baptiste Say, mwanauchumi Mfaransa, alipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1821 mtafsiri, Prinsep, aliandika "adventurer". Na Cantillon alipotafsiriwa na Higgs mwaka 1931, entrepreneur akawa "undertaker".

#44 KoroboiLaUsiku
Undertaker si yule wa majeneza? 😂😂😂 Kwa hiyo mjasiriamali ni mzishi. Sasa naelewa kwa nini biashara zangu zote zinaishia pale zinapoishia.

#45 BintiMizania
Na MezaYaAjira analeta plan social, WakiliWaPembeni anasoma dépôt de bilan, undertaker anamalizia. Huduma zote mahali pamoja.

#46 Kabati_la_Zamani
Chekeni lakini Higgs hakuwa mjinga. Adam Smith naye alitumia "undertaker" kwa maana ya mtu anayebeba kazi na hatari zake, wa majeneza alikuja kulimiliki neno peke yake baadaye. Higgs alikuwa anarudisha Kiingereza cha enzi za Cantillon mwenyewe.

#47 Debiti_Krediti
Mwaka 1931 lakini wa majeneza si alikuwa keshalimiliki siku nyingi? Mimi naona aliteleza.

#48 Kabati_la_Zamani
Hakuteleza, alichagua.

#49 OHADA_Kwetu
Habari za humu. Mnazungumzia Ufaransa tu wakati kuna nchi 17 za OHADA, ule umoja wa nchi za Afrika wa kuoanisha sheria za biashara, zina sheria za kampuni na mfumo wa hesabu wa pamoja, SYSCOHADA, na maneno mengi ni hayahaya ila hayalingani kila kitu na ya Paris. Mkataba wa OHADA ulivyofanyiwa marekebisho Québec mwaka 2008 Kiingereza kimekuwa lugha ya kazi pamoja na Kihispania na Kireno. Kwa hiyo hati ya OHADA kabla hujatafsiri tafuta kwanza kama Kiingereza chake rasmi kipo. Ukiweka neno lako zuri zaidi kuliko lile la kwenye sheria umekosa.

#50 KalamuMbili
Hili sikulitegemea, nashukuru mkuu. Na taarifa kwa wote: mteja kajibu, jedwali litabaki EBE na kwenye barua ya mwenyekiti wataandika EBITDA.

#51 BintiMizania
Namba ileile?

#52 KalamuMbili
Namba ileile.

#53 BintiMizania
Basi huyo mwenyekiti anadanganya wanahisa kwa lugha mbili.

#54 Debiti_Krediti
Hadanganyi, anafupisha 😅

#55 Mgeni_Jioni
Wakuu nimepita, "fonds de commerce" mnaiweka nini? Nina mkataba wa kuuza mgahawa, jengo halimo kwenye mauzo, kinachouzwa ni wateja, jina, vifaa na haki ya upangaji. Kuna aliyeniambia "goodwill".

#56 WakiliWaPembeni
"Goodwill" ni kipande tu cha humo ndani. Andika "business as a going concern".

#57 MzeeTanbihi
"Fonds de commerce" na tanbihi.

#58 MezaYaAjira
Tulijua 😂